Potwe Hayumo Kwenye Madesa

Ratiba yangu ya kujisomea ilinichukua siku mbili na kalamu za rangi nne. Ilipokamilika ilipendeza kiasi kwamba Injinia, mwenzangu wa chumba, aliipiga picha akamtumia mchumba wake. Nyekundu ilikuwa saikolojia ya utambuzi, kijani saikolojia ya makuzi, bluu saikolojia jamii, na nyeusi, kwa sababu zinazoeleweka, takwimu. Magonjwa ya akili yalikosa rangi, nikayaandika kwa penseli. Mitihani mitano, siku 13. Nilipomaliza kuchora zilikuwa zimebaki 11, na ratiba ilikuwa inanidai kabla sijafungua daftari.

Mada ya kwanza kwenye nyekundu ilihusu namna binadamu anavyokosea kukadiria muda. Mwaka 1994 Buehler, Griffin na Ross walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa Kanada waliokuwa wakiandika tasnifu. Waliulizwa watamaliza lini, wakasema, kwa wastani, baada ya siku 33.9. Walimaliza kwa siku 55.5. Hata walipoambiwa wakadirie mambo yakienda kombo kabisa walitaja siku 48.6, na hizo nazo wakazipita. Nilicheka peke yangu kitandani. Wakanada hawa! Nikaupaka utafiti hailaita ya njano, nikageuza ukurasa.

Ndivyo nilivyokuwa muhula ule wote. Saikolojia niliisoma kama mtu anayepewa habari za ukoo wa jirani: kwa hamu kubwa, na bila kuhisi nimetajwa.

Nyumbani nako hawakuwa wameelewa nasomea nini hasa. Mama aliwaambia majirani nasomea mambo ya ushauri, kwa hiyo kila nikienda likizo nakuta watu wenye ugomvi wa mirathi wananisubiri barazani. Baba mdogo yeye ana swali moja tu, analirudia kila simu tangu nikiwa mwaka wa kwanza: "Haya msomi, niambie hapa nawaza nini." Nikimjibu hatufundishwi hivyo, anaguna kama mtu aliyenunua redio isiyoshika stesheni. Wiki ile ya mitihani alipiga kunitakia heri. "Ukimaliza," akasema, "tunakupeleka Mirembe." Akanyamaza kidogo, aniache niione ile hospitali ya wagonjwa wa akili, kisha akaongeza: "Kufanya kazi, lakini."

Mada niliyoipenda kuliko zote ni kumbukumbu, na ndiyo iliyoniumbua. Mkongwe wake ni Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyekariri silabi zisizo na maana, rundo juu ya rundo, halafu akajipima mwenyewe amesahau kiasi gani baada ya muda gani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1885 na habari zake si njema: saa moja tu ikipita, zaidi ya nusu imeshakutoka. Nilipomsoma niliona nimepata ndugu. Sisi watu wa madesa tunazijua silabi zisizo na maana. Desa langu lilikuwa kopi ya kopi ya kopi, limepita mikononi mwa vizazi vya wanafunzi hadi herufi zimebaki vivuli, na kwenye sura ya ubongo upande wote wa kushoto ulikuwa umeliwa na mashine. Kwa siku mbili nikakariri kiungo kinachotunza kumbukumbu kiitwacho "pokampasi". Nilipokwenda kukimwaga kwenye kikundi, wenzangu wakaniuliza hipokampasi yangu imepatwa na nini. Ile hipo haikuwepo.

Kulikuwa na jambo jingine mle. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walionyesha kwamba anayesoma, kisha akafunga kitabu na kujiuliza amebakiwa na nini, baada ya wiki anakumbuka mengi kuliko anayesoma na kurudia kusoma. La kuchoma zaidi ni kwamba yule wa kurudia ndiye anayejiamini kuliko mwenzake. Niliona hii ni nondo hasa. Nikaipaka njano, nikairudia kusoma mara tatu, nikajiamini. Kufikia Ijumaa desa zima lilikuwa njano, na Injinia akauliza kama nimelimwagia mchuzi wa binzari.

Jumapili ilikuwa zamu ya kijani, nikaenda kwa dada Mbagala, kwa sababu kwa dada kuna wali na pia kuna mtoto wa miaka mitano. Nilikuwa nimepata moyo kutokana na Mary Ainsworth. Nadharia ya namna mtoto anavyoshikamana na mlezi wake, inayofundishwa hadi huko Ulaya, mizizi yake mingine iko jirani yetu hapa Uganda. Mwaka 1954 na 1955 mama huyo alizungukia vijiji vya karibu na Kampala akiwaangalia akina mama wa Kiganda na wachanga wao, familia 26, na kitabu cha habari hizo kilitoka mwaka 1967. Nikasema, kama yeye alivuka bahari kuja kutafiti kwetu, mimi nashindwaje kuvuka Kizuiani?

Niliamua kurudia jaribio la Piaget. Unachukua glasi mbili fupi zenye juisi sawa, mtoto anakubali ni sawa, kisha moja unaimiminia mbele yake kwenye glasi nyembamba ndefu. Mtoto ambaye hajafika miaka kama saba husema ile ndefu ndiyo nyingi. Nikamimina juisi ya ukwaju kwa utulivu wa kisayansi. Mpwa wangu akaangalia glasi, akaniangalia mimi, akatoa jibu ambalo Piaget hakunitayarisha nalo: "Mjomba, umemwaga mezani." Kweli nilikuwa nimemwaga. Kisha akanywa ushahidi, glasi zote mbili, na dada akaniambia nikimaliza kusoma nifute meza.

Ugonjwa wa kwanza niliupata Jumatatu saa 4 asubuhi.

Ule mwongozo wa Wamarekani wa kutambua magonjwa ya akili, toleo lake la tano la mwaka 2013, unasema sonona ina dalili tisa, na mtu akiwa nazo tano kwa wiki mbili, mojawapo ikiwa ni huzuni au kukosa raha na mambo, aangaliwe. Nikaanza kujihesabu. Usingizi umevurugika: ndiyo. Uchovu: ndiyo. Hamu ya kula imebadilika: hapa nilijadiliana na nafsi yangu, maana bumu lilikuwa limekwisha, hamu ilikuwa palepale ila chakula ndicho kilichobadilika. Akili kushindwa kutulia: mstari huo niliusoma mara nne. Hadi adhuhuri nilikuwa pia na ugonjwa wa wasiwasi. Jioni, Injinia alipopanga kalamu zake sambamba na ukingo wa meza, nilimtazama kwa huruma nikamuuliza hali hiyo ilimwanza lini.

Wanafunzi wa udaktari nao hupatwa na jambo hili. Wakisoma figo, figo zinauma. Injinia, ambaye alisoma madaraja na hakuwahi kujihisi daraja, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Wewe unaumwa mtihani. Tarehe 20 utapona."

Sonona yenyewe si ya mzaha, nimewaona waliobebwa nayo, na ndiyo maana kuikariri kama orodha ya vipuri kulinitia aibu. Mitihani yetu ni ya Kiingereza, mijadala yetu ni ya Kiswahili, na katikati hapo kuna bonde. Bibi yangu alikuwa na huzuni, simanzi, majonzi, jitimai, unyonge na kihoro, na kila kimoja kilikuwa na utaratibu wake. Mwenye unyonge unamtumia mtoto wa kumchekesha. Mwenye kihoro unakwenda kukaa naye, husemi kitu, unachambua mchele. Hilo la kuchambua mchele nililitafuta kwenye mwongozo, sikuliona.

Sasa takwimu. Ile hesabu ya kulinganisha wastani wa makundi mawili, jaribio la t, iliyoshusha GPA za watu wengi ninaowapenda, ilibuniwa na William Sealy Gosset, mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin. Alitaka kujua mtu aamue vipi akiwa na vipimo vichache tu. Kiwanda hakikuruhusu watumishi wachapishe kwa majina yao, kwa hiyo makala yake ya mwaka 1908 aliitoa kwa jina la kupanga lenye maana ya Mwanafunzi. Yaani mateso ya wanafunzi yaliletwa na Mwanafunzi, tena akiwa kwenye bia.

Injinia aliponiona nimekwama akasema hesabu haieleweki bila kitu cha kupima, na kitu cha kupima kiko kantini. Yeye alikuwa na nadharia ya siku nyingi kwamba yule anayepakua wali anapima kwa salamu. Tukapanga sahani kumi kwa siku tano: mchana mimi ningesalimia kwa heshima zote, "Shikamoo mama," na yeye angesema, "Mambo dada, leo umependeza." Kisha tungekwenda kona na kuhesabu vijiko.

Tulitarajia adabu ishinde. Siku ya kwanza nikapata vijiko 17 na Injinia 20. Siku ya pili nikapata 15. Siku ya tatu nilipoanza tu, "Shika...", upawa ukatua mezani kwa kishindo. "Shikamoo? Mimi nimekuzidi nini wewe, umri au madeni?" Foleni nzima ikacheka. Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, nikaona huenda hata dada yangu amemzidi. Lakini sayansi haisitishwi katikati. Siku ya nne na ya tano niliendelea na shikamoo zangu, na sahani zangu zikaendelea kushuka huku za Injinia zikipanda hadi akaanza kuwekewa mchicha ambao hakuulipia.

Nikakaa nikapiga hesabu kwa mkono, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikapata matokeo chini ya 0.05. Nilipiga kelele korido nzima ikasikia. Halafu nikalala njaa. Ni usiku ule tumbo likiwa linanguruma ndipo nilipogundua kwamba shikamoo zote nilitoa mimi na mambo zote alitoa Injinia, ambaye ni mrefu na ana mwanya. Kwa maana hiyo sikupima salamu. Nilipima mwanya.

Saikolojia jamii niliisomea kwenye kimbweta, na kikundi chetu cha watu sita, na sina mengi ya kusema juu yake zaidi ya mende. Mwaka 1969 Zajonc na wenzake waliwakimbiza mende kwenye njia iliyonyooka na kwenye njia yenye kona, wakitazamwa na mende wenzao. Njia iliyonyooka walikimbia haraka zaidi kwa sababu wanatazamwa. Yenye kona walichelewa zaidi, kwa sababu hiyo hiyo. Mimi nikiwa peke yangu chumbani najua kila kitu. Nikiwa kwenye kimbweta, macho kumi yamenikodolea, najua jina langu na mwaka wa jaribio la Milgram. Wenzangu walinitia moyo kwa kuangalia simu zao.

Ni kwenye kimbweta hicho ndipo kiongozi wa kikundi, tuliyekuwa tunamwita Mwenyekiti, alipokuja na mpango. Alikuwa amesoma utafiti wa Godden na Baddeley wa mwaka 1975, wale Waingereza waliowapa wapiga mbizi orodha za maneno wakariri, wengine nchi kavu na wengine chini ya bahari, huko Oban, Scotland. Waliokariri majini walikumbuka vizuri zaidi wakirudishwa majini, na wa nchi kavu vivyo hivyo. "Mnaona?" Mwenyekiti akasema. "Mtihani tunafanyia ukumbi mkubwa. Tunasomea wapi? Kwenye kimbweta! Ndiyo maana tunafeli." Hakuna aliyekuwa amefeli bado, lakini hoja ilituingia.

Usiku wa kuamkia mtihani wa utambuzi, saa 5, tukapita dirisha la ukumbi lisilofunga vizuri, watu watano. Wa sita alisema ana maumivu ya tumbo, na leo hii namheshimu. Nilichana suruali kwenye nondo, nondo za kweli hizi. Tukakaa kila mtu kiti chake kulingana na namba yake ya mtihani, tukawasha mwanga wa simu, tukaanza kunong'ona. Dakika ishirini baadaye mwanga mkubwa wa tochi ya mlinzi ukatupiga usoni.

"Nani humo?"

Tukasimama wote. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnafanya nini?"

Mwenyekiti, ambaye ndoto yake ilikuwa sheria ila alama zikamleta kwetu, akajibu kwamba tunajenga muktadha.

"Mnajenga?" Tochi ikazunguka ukumbi mzima kutafuta matofali.

Nikaona bora nieleze mimi. "Mzee, kuna watafiti wa Uingereza walichukua wazamiaji..."

"Wazamiaji wa meli?"

"Hapana mzee, wa chini ya maji."

"Wazamiaji nawaona ni nyinyi. Mmezamia ukumbi." Lakini alikuwa ameshavuta kiti. Nilimweleza habari yote, orodha za maneno, nchi kavu, majini, akasikiliza kwa umakini ambao sijawahi kuuona kwenye semina. Nilipomaliza akazima tochi kutunza betri, akazungumza gizani.

"Mimi kwetu Mafia. Nilikuwa na mjomba, mpiga mbizi, kazi yake majongoo bahari, nje kidogo ya Kilindoni. Siku moja yuko chini anaokota, anainua uso, papa potwe huyu hapa. Ana madoadoa kama kanga, mkubwa kama daladala. Sasa potwe hana neno na mtu, lakini mjomba hakuwa na wakati wa kukumbuka hilo. Akapanda juu, akaacha kapu, akaacha majongoo, akafika nyumbani hata jina la mkewe halipati. Nyinyi mnasema aliyoyaona majini atayakumbuka akirudi majini. Mjomba hakurudi majini mpaka anakufa. Miaka thelathini yuko nchi kavu, anauza nazi, na kila mteja alihadithiwa potwe, doa kwa doa. Hao Waingereza wenu waliwaonyesha watu wao potwe?"

Tukakiri kwamba waliwapa maneno tu.

"Basi," akasema, akasimama, akatutoa kupitia mlangoni kama watu.

Asubuhi nilikunywa kahawa ya kijiweni vikombe saba, jumlisha au toa viwili, kwa heshima ya George Miller na makala yake ya mwaka 1956 juu ya idadi ya vitu ambavyo akili inaweza kushika kwa wakati mmoja. Yerkes na Dodson walishaonyesha tangu 1908, kwa panya na mshtuko wa umeme, kwamba kusisimka kidogo kunasaidia na kusisimka sana kunaharibu kazi ngumu. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nimelipaka njano. Nilifika ukumbini mikono inatetemeka kama ya panya wao, nikakuta karatasi mlangoni: mtihani umehamishiwa bwaloni.

Bwalo linanuka maharage. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwaka 2021 jaribio lile la wapiga mbizi lilirudiwa na matokeo hayakujirudia, habari ambayo ingeniokolea suruali kama ningeipata mapema. Nikageuza karatasi. Swali la tatu, la lazima: eleza, kwa kurejelea utafiti, jinsi mazingira ya kujifunzia yanavyoathiri kukumbuka.

Nilitabasamu. Nikashika kalamu. Majina yakaondoka.

Si kwamba yalififia. Yaliondoka kama watu wanaotoka msibani, moja baada ya jingine, kwa kimya. Nikakumbuka kwamba kuna dawa: mwaka 1979 mtafiti mmoja, Smith, alionyesha kwamba mtu akiwa chumba kigeni anaweza kukijenga akilini kile chumba alichosomea, na kumbukumbu zikarudi. Nikafumba macho. Nikaujenga ukumbi, safu za viti, dirisha, kiti changu. Ikaja tochi. Nyuma ya tochi akaja mzee. Nyuma ya mzee, polepole, likielea kutoka kwenye giza la ukumbi, likaja samaki lenye madoa kama kanga.

"Kijana, unalala?" msimamizi akaniuliza.

"Nakumbuka, mwalimu."

Elizabeth Loftus ametumia maisha yake kuonyesha jinsi kumbukumbu mbili zinavyoweza kuoana bila kukuletea kadi. Niliandika kurasa tatu, mwandiko unakimbia. Niliposimama kutoka nilijisikia mshindi, na ilikuwa kwenye foleni ya kantini, nusu saa baadaye, ndipo nilipoelewa nilichoandika: watafiti wawili, pwani ya Mafia, majongoo bahari. Na wakati uleule, bila kuombwa, likanitoka kwa sauti: "Baddeley!"

"Haipo leo," dada wa kantini akanijibu. "Kuna maharage."

Matokeo yalipotoka utambuzi nilipata B, na sijathubutu kuuliza imetoka wapi. Takwimu nilipita kwa C, nadhani kwa hisani ya mwanya wa Injinia. Siku ya kufunga chuo, nikiwa na begi begani, nilimkuta mzee getini.

"Vipi," akauliza, "potwe alitoka?"

"Alitoka mzee. Swali la tatu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mhadhiri aliyekuwa ametoa tipu na akajua ametoa. "Na uliwaandikia kwamba hana neno na mtu?"

Hilo nilikuwa nimelisahau.